Pikipiki Iliyokuwa Ikizima Mvua Ikinyesha

Pikipiki yangu ya kwanza ya bodaboda ilikuwa ya mkataba, injini ya cc 125, na ilishalala nje miaka kadhaa kabla haijafika mikononi mwangu. Kijiwe chetu kiko Kigamboni, upande ambao upepo wa bahari haukosi hata siku moja. Chumvi ile huioni. Utakuja kuijua bati la nyumba likianza kutoboka, au skrubu mpya ikiota kutu kabla ya mwezi kuisha. Mimi sikuwa na habari nayo. Nilichojali ni hesabu ya tajiri, 10,000 kila siku, iwe jua iwe mvua, na chenji ya kula.

Mvua za Aprili 2024 nadhani kila mtu wa Dar anazikumbuka. Jangwani palikuwa hapapitiki, huku kwetu barabara za ndani zilikuwa madimbwi matupu. Asubuhi moja nimempakia dada mmoja kutoka Kibada anawahi pantoni. Tumetoka kukiwa na manyunyu, tukafika katikati ya safari mvua imekolea. Pikipiki ikaanza kukohoa. Ikakata, ikashika, ikakata tena, ikazima jumla. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi.

"Kaka, si uliniambia pikipiki nzima?"

"Nzima dada yangu, ni maji tu haya."

Akashuka, akasimamisha bajaji, akaondoka bila kunilipa, na kusema kweli hakuwa na deni. Nikaisukuma mpaka kwenye kibanda cha chipsi, nikakaa chini ya bati. Mvua ikakatika, jua likatoka kama vile hakukuwa na jambo. Baada ya kama nusu saa hivi nikapiga kiki moja tu. Ikawaka.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia. Ilivyowaka, nikaona yamekwisha. Yakaja kujirudia, fundi wa kijiweni akasema ni plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, tukabadilisha. Mvua iliyofuata ikazima tena. Akasema koili, inayoipa plagi umeme. Tukabadilisha. Halafu sidiai, kile kiboksi kidogo kinachopiga umeme wa cheche, nacho tukaweka kipya. Jumla nilitoa 38,000 na ufundi juu. Kila tulipobadilisha kitu pikipiki iliwaka vizuri kabisa, na lazima iwake, maana ufundi tulikuwa tunaufanya jua likiwaka! Sikumlaumu sana. Ugonjwa unaokuja na mvua ukauchunguza juani utakuambia hauumwi.

Aliyenisaidia hakuwa fundi pikipiki. Ni mzee mmoja anayetengeneza redio na feni karibu na soko, nilikuwa nampeleka msikitini Ijumaa. Siku hiyo akanikuta nimejiinamia.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwa na jibu hata la moja. Inazima mvua ikianza au ikishakolea? Ukipita kwenye dimbwi tu, mvua haipo, inazima? Ukikata usukani kushoto na kulia inabadilika mlio? Ikishazima, taa na honi vinafanya kazi? Akaniambia nikaangalie, nisimletee pikipiki kabla sijapata majibu.

Wiki moja nikawa mpelelezi wa pikipiki yangu mwenyewe. Dimbwi la kufika kwenye magoti halikuizima. Kukata usukani hakukubadilisha kitu. Mvua ya juu, ikipiga kama dakika kumi, ndiyo iliyoizima, na taa zikibaki zinawaka kama kawaida. Nilipomrudishia majibu akacheka. "Basi maji yanatoka juu. Huko chini mlikuwa mnatafuta nini?"

Jaribio alilofanya pale nimelitumia tangu hapo kwa pikipiki za watu wengi. Tuliwasha injini ikiwa kavu, ikaachwa inanguruma taratibu. Akachukua kikombe cha maji na kijiko. Akaanza chini, kwenye kofia ya plagi. Kijiko kimoja, viwili, tunasubiri. Hakuna. Akapanda kwenye koili. Hakuna. Akapanda kwenye soketi za waya nyuma ya taa ya mbele. Hakuna. Mwisho akamwagia swichi ya kulia ya usukani, ile yenye kitufe cha selfu, cha kuwashia bila kiki, na kitufe chekundu cha kuzimia injini. Kijiko cha tatu, injini ikakohoa. Cha nne, ikazima. Ni kwa nini alianza chini? Kwa sababu maji huteremka. Angeanzia juu yangetiririka mpaka kwenye koili na plagi, na tusingejua ni nani aliyezima.

Mimi kitufe chekundu kile sikuwahi kukigusa tangu niipate pikipiki. Nilikuwa nazima kwa ufunguo. Na nilidhani kila swichi duniani kazi yake ni kupitisha umeme: ukiiwasha unapita, ukiizima haupiti. Mzee akanionyesha kwamba kwenye pikipiki kama yangu, ambayo sidiai inalishwa moja kwa moja na koili nyingine, ya kwenye sumaku ya injini, na siyo betri, swichi ya kuzimia inafanya kinyume. Pikipiki ikitembea swichi iko wazi, haijagusana na kitu. Ukiibonyeza kuzima, inaupeleka ule umeme wa kulisha sidiai kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, na cheche inakosekana kwenye plagi. Kwa hiyo maji yakiingia mle ndani yakakutana na chumvi na unga wa kutu, yanafanya kazi ya kidole chako. Yanaizima pikipiki ukiwa umekaa juu yake na abiria nyuma. Umeme wa kwenye waya ule unavuka volti mia injini ikizunguka, kwa hiyo hauhitaji njia pana, unajipenyeza kwenye uchafu uliolowa. Usije ukaushika wakati wa kupiga kiki. Nimeushika, najua ninachosema.

Zipo pikipiki nyingine, hasa zile za umeme wa betri, ambazo swichi hiyo kweli inapitisha umeme na kuukata. Hizo maji na kutu huzifanyia jambo lingine: kontakti zinaota ukoko, umeme unapita kidogo, na injini inakata ukipita kwenye tuta. Kabla ya kufanya lolote jua ya kwako ni ya aina gani.

Kuhakikisha, tulifungua taa ya mbele, tukatafuta waya wa swichi ile, kwangu ni mweusi wenye mstari mweupe, tukachomoa tawi linalopanda kwenye usukani peke yake. Tawi la ufunguo tukaliacha ili niweze kuzima. Nikapiga kiki, ikawaka huku swichi inachuruzika maji. Nikatembea hivyo siku tatu za mvua. Haikuzima hata mara moja. Plagi, koili na sidiai nilivyotoa vyote vilikuwa vizima. Koili bado ninayo nyumbani kama spea.

Kutembea bila kitufe kile haifai siku zote, kwa sababu ukianguka na mkono wa mafuta ukanasa, ndicho kidole kinachokipata haraka. Ikabidi kufungua swichi.

Sasa hapa kwenye kufungua ndipo nilipoharibu vitu vingi kwa mikono yangu. Skrubu zinazoshikilia boksi ziko mbili, zinaingia kwa chini, na kwa pikipiki ya pwani zimeshikana kwa kutu. Nilichukua bisibisi ya nyota iliyolika, nikaikaza nguvu, kichwa cha skrubu kikageuka duara. Ingetosha kunyunyizia mafuta ya kulegeza usiku, kulala, na asubuhi kutumia bisibisi inayojaa kichwa sawasawa, ukisukuma kwa ndani kabla ya kuzungusha. Ile ya pili nilifanya hivyo, ikatoka kama siagi. Ya kwanza ilitobolewa kwa drili na 3,000 zangu zikaenda.

Kingine, toa waya hasi wa betri kwanza. Boksi ni chuma, waya mwingine ndani una umeme wa betri muda wote ufunguo ukiwa umefunguliwa, ukigusa unapata shoti na fyuzi inakwenda.

Nilipofungua upande wa kulia nilikuta vitu vya ajabu. Grisi ya kiwandani imegeuka gundi nyeusi. Kwenye vipande vya shaba kumeota ukoko wa kijani, ule ule unaouona kwenye sufuria za shaba za mabibi. Chini kabisa kuna mchanga mwembamba, sijui ulipitia wapi. Na maji, mvua ilishakatika siku mbili, bado yapo matone. Hapo nikaelewa kwamba pikipiki kuwaka baada ya nusu saa ya jua hakukuwa na maana imekauka. Ilikuwa imekauka kiasi cha kuwaka tu, na chumvi ikibaki mle inasubiri mvua ya kesho.

Nikapata moto wa kazi, nikafungua na upande wa kushoto siku hiyo hiyo, wenye honi, indiketa na taa ya fulu na dimu. Nilikaa chini ya mwembe, kwenye mchanga. Swichi ya indiketa ina springi ndogo na gololi ndogo kuliko punje ya pilipili manga, ndiyo inayokupa ule mlio wa "tak" ukisukuma kushoto au kulia. Niliinua kile kipande cha plastiki. Springi ikaruka huku, gololi ikaruka kule. Springi niliipata. Gololi tuliitafuta watu wanne, mmoja akaleta sumaku ya spika, tukaokota misumari mitatu na kifuniko cha soda. Nikajaribu kuweka gololi ya baiskeli, kubwa, haikuingia. Indiketa ikawa haishiki, inaelea tu, mpaka nilipopata swichi mbovu kwa fundi mwingine nikaitoa gololi yake. Siku hizi nafungulia swichi ndani ya beseni, nimetandika khanga kuukuu, na napiga picha kwa simu kila hatua.

Kusafisha ni kazi ya upole. Spiriti ya duka la dawa na mswaki wa zamani vinatosha kwa grisi na chumvi. Petroli niliitumia mara moja, ikaufanya mpira wa kitufe uvimbe. Thina ndiyo usiiguse kabisa, inayeyusha plastiki. Ukoko wa kijani usiupige msasa. Nilipiga, shaba ikang'aa kama pete ya harusi, wiki tatu baadaye ukoko umerudi maradufu kwa sababu nilikuwa nimekwangua na ule utando wa juu unaoilinda. Ufutio wa penseli wa mtoto wa shule unatoa uchafu na kuacha chuma kilivyo. Hilo nilielekezwa na fundi simu.

Halafu ikaja hadithi ya mafuta ya mgando. Nilijiambia, mafuta yanazuia maji, kopo liko kabatini, napaka. Nikapaka kwa wingi, kama mtoto anakwenda shule. Boksi la swichi ni jeusi, saa nane mchana Kigamboni juani halishikiki. Mafuta yakayeyuka yakateremkia kwenye kitufe cha honi, vumbi likaganda humo, honi ikawa ukiibonyeza hairudi. Nimewahi kupita mbele ya shule inalia "piiiii" mpaka nikachomoa waya. Dawa ni grisi ya silikoni inayostahimili joto, na unapaka utando tu kwenye kontakti na kwenye mshono wa boksi.

Kosa kubwa zaidi nililifanya nikidhani nimeerevuka. Niliziba kila tundu. Silikoni ya vioo kwenye mshono mzima, tepu nyeusi mahali waya zinapoingilia, na juu yake mfuko wa nailoni nikaukaza kwa mpira wa baiskeli. Ndiyo ilikuwa wiki ambayo TMA, watu wa hali ya hewa, walitangaza Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, kila mtu anaziba kitu. Mvua ikapita, baada ya siku kadhaa selfu ikawa haiitikii. Nikafungua: ndani kumelowa kuliko mwanzo. Boksi lile lina kitundu kidogo upande wa chini, nilidhani ni kasoro ya kiwandani nikakiziba na silikoni. Kumbe kimewekwa ili maji yatoke. Maji yalikuwa yanaingia kwa kufuata waya na kingo za vitufe, na mvuke unaingia usiku boksi likipoa, yakifika ndani hayana mlango wa kutokea. Sasa nafanya kinyume. Juu, kwenye mshono, napaka grisi. Chini kitundu nakizibua kwa waya wa stepla kila nikimwaga oili. Mfuko wa nailoni nauvalisha usiku pikipiki ikilala nje, asubuhi nautoa.

Hiyo selfu nayo ilinifundisha kutoiamini mita. Nilikuwa nimeshanunua mita ya kupimia umeme ya bei ndogo na kujiona daktari. Nikaiweka kwenye mlio, nikabonyeza kitufe, ikalia "tiii". Nikasema kitufe kizima, tatizo ni rilei, ile swichi ya umeme inayowasha mota ya selfu. Nikanunua rilei. Bado. Nikamrudia mzee wa redio. Akaniambia mita ikilia inapitisha umeme mdogo kama wa mbu, hata ukoko unaupitisha. Pima volti wakati kitufe kimebonyezwa na kazi inafanyika. Tukapima: betri 12.4, zinazoingia kwenye kitufe 12.2, zinazotoka kwenda kwenye rilei 7 na pointi. Volti tano zilikuwa zinapotelea kwenye ukoko usiozidi ukubwa wa kucha. Ufutio, spiriti, grisi kidogo, zikapanda hadi 12, na rilei ya zamani ikagonga "tak" kama mpya. Rilei mpya niliuza kwa hasara.

Zipo swichi mbili ndogo ambazo watu huzisahau, zile zilizojificha kwenye mikono ya klachi na breki. Ya klachi ikishika kutu, selfu haiitiki hata ukikaza namna gani, na unaweza kuhangaika na kitufe bure. Ya breki inaweza kunasa, taa ya breki ya nyuma ikabaki inawaka muda wote, na gari lililo nyuma yako halijui unapofunga breki. Hiyo niliambiwa na abiria. Mimi nisingeiona.

Na siyo kila kinachokatika wakati wa mvua kimesababishwa na maji. Kijana mwenzangu alikuwa na tatizo kama langu, tukamwagia vijiko mpaka kikombe kikaisha, hakuna kitu. Tulipokata usukani kulia kabisa injini ikazima. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake pale shingoni mwa usukani, panapopinda kila siku. Mvua ilikuwa inampeleka tu kwenye njia yenye kona nyingi, ya kukwepa madimbwi.

Mwaka jana swichi ya kulia ilichoka yenyewe, plastiki ya ndani ikapasuka. Nikavuka kwenda Kariakoo kununua nyingine. Muuzaji akaniambia, "Hii inaingia bosi wangu, usiwe na wasiwasi." Boksi liliingia. Waya zilikuwa na rangi nyingine kabisa, na soketi tofauti. Ukiunganisha rangi kwa rangi kwa kubahatisha unaweza kuipeleka betri moja kwa moja kwenye sidiai. Nilikaa na mita, nikaandika kwenye kipande cha boksi: nikibonyeza selfu ni waya gani na gani zinakutana, nikizima ni zipi, taa ni zipi. Kisha nikaunganisha kwa kazi ya waya, rangi nikaisahau. Maungio nikayalehemu na kuyavalisha mpira wa kusinyaa kwa moto, na waya nikaziacha zifanye tumbo kidogo chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondokee hapo.

Jumamosi iliyopita kijana mgeni kijiweni alikuja anasukuma, jua kali, mvua haijanyesha wiki nzima. Analalamika imezima ghafla, mafundi wawili wameshamwambia ni sidiai. Nilimzuia asitoe hela. Nikamuuliza pikipiki mbona inang'aa hivyo.

"Nimetoka kuiosha pale kwa mashine, kaka."

"Na usukani wakaupiga presha?"

"Ee, si ndiko kulikokuwa na matope."

Nikaenda kuchukua beseni na khanga.